'Give up' kwa Kiswahili: Kuacha, Kuachia na Kukata Tamaa



Tuchukue sentensi moja fupi ya Kiingereza: 'The farmer gave up cotton.' Mwanafunzi wa Migato, mkoani Simiyu, ambaye Kiingereza kwake ni lugha ya tatu baada ya Kisukuma na Kiswahili, anamjua mkulima na anaijua pamba. Hata hivyo, kitenzi kinaweza kumkwamisha. Akifasiri neno kwa neno atapata 'toa' na 'juu', ilhali maana imo katika muungano wa maneno hayo mawili.

Hili si geni kwetu. Tunakata shauri, tunakata rufaa na tunakata kiu, wala hapatajwi kisu. Mwalimu na aanzie hapo.

Ugumu unaobaki ni wa tafsiri. Wengi tumezoea jibu moja: 'give up' ni kukata tamaa. Jibu hilo hufaa zaidi pale kitenzi kinaposimama bila shamirisho. Shamirisho ikiwapo, sharti tuitazame. Mkulima aliye 'gave up cotton' ameacha kulima pamba. Akiwa 'gave up his farm', ameliachia shamba, yaani halimo tena mikononi mwake. Mtoro aliye 'gave himself up' amejisalimisha.

Muundo nao una kanuni yake. Shamirisho ikiwa nomino, yaweza kukaa kabla ya 'up' au baada yake. Ikiwa kiwakilishi kama 'it', hukaa katikati: 'gave it up'. Kiswahili huipachika ndani ya kitenzi chenyewe: ameiacha, ameliachia.

Tofauti hizi si za darasani tu. Kukata tamaa ni hali ya moyo. Kuacha ni tendo. Mkulima aweza kukata tamaa kwa sababu ya bei, na msimu ujao akapanda pamba ile ile kwa kuwa hana zao jingine la kumpatia fedha. Mwenzake aweza kuiacha pamba kwa hiari, akapanda dengu. Mfasiri wa ripoti ya kilimo akiandika kwamba wote wawili 'wamekata tamaa', atakuwa amemsingizia huyu wa pili huzuni asiyokuwa nayo. Na msomaji atafikiria namna ya kumrudisha kwenye pamba, ilhali yeye anatafuta soko la dengu.