Kusafisha Meno ya Bandia kwa Vitu vya Mimea

Wazee wengi, na hata vijana waliong'oka meno kwa ajali, huvaa meno ya bandia. Meno hayo hayaozi, lakini hushika ukoga kama meno ya kuzaliwa. Ndani ya ukoga huo humea kuvu, na kuvu huleta wekundu na maumivu katika ufizi na kaakaa. Kwa hiyo yasafishe kila siku.

Usiyasugue kwa majivu, mkaa wala mchanga. Mara nyingi meno haya hufanywa kwa plastiki, ambayo ni laini kuliko jino. Vitu hivyo huikwaruza, na ukoga hujificha katika mikwaruzo.

Kitu cha mimea kinachofaa, nacho si ghali, ni sabuni ya kipande isiyo na manukato, iliyofanywa kwa mafuta ya nazi au mawese. Fanya hivi:

1. Tia maji kidogo katika karai, ufanyie kazi juu yake. Meno yakikuponyoka hayatavunjika.

2. Sugua pande zote kwa brashi laini na sabuni, hasa upande unaolala juu ya ufizi.

3. Suuza sana kwa maji safi ya baridi. Maji ya moto huyapinda, nayo hayatakuenea tena.

4. Wakati wa kulala yavue, uyaweke katika maji safi. Ufizi nao wahitaji kupumzika.

Ukoga ukiwa mgumu kama jiwe, changanya siki nyeupe na maji, sehemu sawa, uyaloweke kwa muda, kisha usugue na kusuuza. Lakini kama meno yako yana chuma usitumie siki, maana huharibu chuma.

Labda umesikia habari za mbarika. Ni kweli kwamba huko Brazil wataalam wa Chuo Kikuu cha São Paulo wamejaribu dawa iliyotengenezwa kwa mafuta ya mbarika, wakaona hupunguza ukoga. Lakini hiyo ni dawa ya wataalam. Wewe usitwange mbegu za mbarika nyumbani kwa kazi hii! Mbegu hizo zina sumu kali iwezayo kumwua mtu.

Ukiona wekundu au kidonda kisichopona katika wiki mbili, nenda kwa daktari wa meno, nawe uchukue meno yako ya bandia ayatazame.