SHONA FULANA NA SWETA KWA CHEREHANI ULIYO NAYO

Sisi mabwana shamba huzungumza nawe juu ya pamba ikiwa bado shambani. Tunasema juu ya kupanda kwa mistari, kupalilia na kupambana na funza wa vitumba. Leo tuifuate pamba hiyo mpaka kwenye cherehani. Huko nako kuna mapato, na kuna hasara.

Hapa Ziba, wilayani Igunga, nguo nyingi za mitumba ni fulana na masweta. Fulana ya mtu mzima inaweza kupunguzwa ikamfaa mtoto. Sweta la shule lililofumuka kwapani linaweza kushonwa, likavaliwa kipupwe kingine. Hivyo mzazi hanunui jipya, na fundi wa kijijini anapata fedha.

Lakini mafundi wengi wanaiogopa kazi hii. Fundi hushona vizuri, mshono unapendeza. Mtoto akivaa na kunyoosha mikono, mshono unakatika. Mzazi anarudi na kudai fedha zake. Kosa si la cherehani. Kosa ni kushona fulana kama tunavyoshona kanga.

VITAMBAA VYA AINA MBILI

Itazame kanga kwa karibu. Utaona nyuzi zinapishana, moja juu na moja chini, kama miyaa ya mkeka. Kitambaa cha namna hii hakivutiki sana. Merikani na kaniki, zilizobebwa na misafara iliyopita Tabora katika karne ya 19, zilikuwa za aina hii.

Sasa tazama fulana. Uzi wake umepindwa kuwa vitanzi vidogo. Kila kitanzi kimeshika kitanzi kingine, kama katika sweta la kufuma kwa mkono. Ukivuta, vitanzi vinapanuka. Ukiachia, vinarudi.

Cherehani nyingi za vijijini, kama Singer na Butterfly za kukanyaga, hushona mshono ulionyooka tu. Uzi wa juu na uzi wa chini hufungana ndani ya kitambaa. Kitambaa kikivutika, na uzi hauna nafasi ya kuvutika, uzi hukatika. Basi shika kanuni hii moja: mshono lazima uvutike pamoja na kitambaa.

SINDANO NA UZI

Sindano ya kawaida ina ncha kali. Ikitoboa fulana hukata vitanzi, na tundu dogo huwa kubwa nguo inapofuliwa. Mwombe mwenye duka sindano ya kushonea fulana. Ncha yake ni ya mviringo, hivyo hupita katikati ya vitanzi bila kuvikata. Namba 11 inafaa fulana nyepesi. Namba 14 inafaa kitambaa kizito. Ukiona mshono unaruka, kwanza badilisha sindano.

Tumia uzi wa poliesta, maana unavutika kidogo na ni imara. Uzi wa pamba hukatika upesi zaidi. Kuutambua, choma kipande kifupi kwa uangalifu. Uzi wa pamba huacha majivu laini. Uzi wa poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

KABLA YA KUKATA

Kitambaa kipya cha fulana kifue na kukikausha kwanza, kwa sababu pamba hunywea. Kisha kivute kwa urefu na kwa upana. Upande unaovutika zaidi uzunguke mwili. Ukikosea hapo, nguo itabana kifuani na kurefuka chini.

Sweta lina hatari yake. Ukilikata, vitanzi hufumuka kimoja baada ya kingine. Kwa hiyo shona mistari miwili kwanza, kila upande wa mahali utakapokata. Ndipo ukate katikati.

NAMNA YA KUSHONA

1. Legeza uzi wa juu kidogo.

2. Kama cherehani yako ina skrubu ya kukandamiza mguu, ilegeze kidogo. Mguu ukikandamiza mno, kitambaa hutanuka na mshono huwa na mawimbi.

3. Weka mshono mfupi kiasi, wa milimita 2 hadi 2 na nusu. Mshono mfupi una uzi mwingi zaidi ndani yake, hivyo unavutika zaidi.

4. Shika kitambaa mbele na nyuma ya sindano, ukikinyoosha kidogo tu. Acha meno ya cherehani yakisukume. Ukikiburuta, sindano itapinda au kuvunjika.

5. Kama cherehani yako ina zigizaga, tumia zigizaga nyembamba, na usikinyooshe kitambaa.

Kitambaa chepesi kikizama kwenye tundu la sindano, weka ukanda wa karatasi nyembamba chini yake. Ukimaliza, ichane taratibu. Usitumie gazeti hili. Wino utachafua nguo, na jirani yako hajalisoma.

MABEGA NA SHINGO

Si kila mahali panatakiwa kuvutika. Mabega hubeba uzito wa nguo yote. Shonea hapo utepe mwembamba usiovutika, ili yasishuke. Lakini shingo lazima ipite kichwani. Kabla ya kushona shingo, pima kichwa cha mtoto kwa futikamba.

JARIBU KWANZA

Usianze na nguo ya mteja. Chukua kipande cha fulana iliyochakaa. Pima sentimita 10 na uzivute mpaka mwisho wake. Tuseme zimefika 13. Sasa shona mshono juu yake, uvute tena. Ukifika 13 bila kukatika, endelea na kazi. Ukikatika, fupisha mshono, legeza uzi, ujaribu tena.

Ukimaliza nguo, weka kitambaa chenye unyevu juu ya mshono, kisha kandamiza pasi ya vuguvugu. Inua na kushusha, usiburute. Mawimbi madogo yatapungua.

Mwisho, vuta kila mshono wewe mwenyewe kabla ya kumpa mteja nguo yake. Ukikatika mikononi mwako, hasara ni uzi kidogo. Ukikatika kwapani mwa mtoto akiwa shuleni, umempoteza mteja, na jirani zake watasikia.