Umbo na Muundo katika Ngoma za Kifalme za Burundi: Mazingatio kwa Sera ya Urithi Gitega na Muyinga

Katika uchambuzi wa muziki, dhana za umbo na muundo aghalabu huchanganywa. Katika makala haya, umbo ni mpangilio wa onyesho kuanzia mwanzo hadi mwisho. Muundo ni uhusiano wa sauti zinazosikika kwa wakati mmoja. Tofauti hiyo ina uzito wa kisera, kwa kuwa umbo huvumilia mabadiliko ambayo muundo hauyavumilii.

Mfano bayana unapatikana Gishora, karibu na mji wa Gitega, ambapo ngoma za kifalme zimehifadhiwa tangu zama za Mwami Mwezi Gisabo. Umbo la onyesho hutambulika kwa urahisi. Wapigaji huingia wakiwa wamebeba ngoma vichwani huku wakizipiga, huzipanga kwa nusu duara, kisha hupokezana zamu ya kucheza mbele ya ngoma ya kati, na hatimaye huondoka kama walivyoingia. Idadi ya zamu hutegemea hafla.

Muundo, kwa upande wake, hujengwa na majukumu matatu. Amashako hushikilia mdundo usiokatika. Inkiranya, ngoma ya kati, huongoza. Ibishikizo hufuata mdundo wa inkiranya. Zamu zikipunguzwa, onyesho hufupika tu. Amashako yakinyamaza, inkiranya hukosa msingi wa kuegemea, na kinachobaki ni kelele za ngoma nyingi. Kanuni hiyo hiyo ya kutegemeana hudhihirika katika akazehe, maamkizi ya kuimbwa ya wanawake wa Burundi, ambapo sauti ya mwitikiaji hujaza nafasi zinazoachwa na kiongozi.

Mwaka 2014, UNESCO iliingiza ngoma hizi katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Oktoba 2017, amri ya rais ilizuia wanawake kuzipiga na kuyawekea masharti maonyesho yasiyo ya kiserikali. Hatua hizo mbili zinahusu utambuzi, na nani apige wapi. Hata hivyo, urithi huu hudumu pale tu mwanafunzi anapojifunza kusikiliza jukumu la mwenzake wakati akitekeleza lake.

Suala la lugha hujitokeza hapo. Mjini Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, Kirundi na Kiswahili hukutana kila siku. Neno la Kirundi *ingoma* hubeba maana ya chombo na pia ya utawala. *Ngoma* ya Kiswahili huweza kuwa chombo, uchezaji au sherehe yenyewe. Mwongozo wa kufundishia unaosema "ngoma" pekee utamfanya msomaji wa Muyinga aelewe tukio, ilhali mtaalamu wa Gishora alikusudia mfumo wa majukumu.

Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba miongozo ya Kiswahili ihifadhi istilahi inkiranya, amashako na ibishikizo pamoja na fasili zake. Kwamba rekodi za kumbukumbu zinase kila jukumu peke yake kabla ya kuyaunganisha. Na kwamba tathmini ya vikundi isiishie kwenye hesabu ya ngoma na maonyesho. Umbo laweza kufupishwa ili kukidhi ratiba ya wageni. Muundo ukipotea, ngoma zitabaki Gishora zikiwa nzima, bila mtu wa kuzifanya zizungumze.