Je, Wajua? Uchungu wa Rubisi Hautoki Kwenye Hopsi

Bia kali za Ulaya na Marekani hupata uchungu wake kwenye maua ya hopsi. Rubisi, pombe ya ndizi ya Bukoba na Muleba mkoani Kagera, Tanzania, haina hata ua moja. Uchungu wake huanzia kwenye ndizi zenyewe: Wahaya, wenyeji wa huko, wana ndizi maalumu za pombe, embire, zenye tanini nyingi; zikiwa mbichi hukaza ulimi. Huvundikwa hadi ziive, hukamuliwa pamoja na nyasi, kisha juisi huchanganywa na mtama uliosagwa na kuachwa ichachuke, kwa kawaida siku moja hivi. Mtama nao huleta ukali wake. Ukizidi, utamu wa ndizi hufunikwa. Ukipungua, ladha hubaki ya juisi. Kupima usawa huo kwa uzoefu ni ufundi mkubwa, unaostahili heshima.