Programu ya kampuni ifunguke kwa telefone ya kila mufanyakazi

Siku hizi kampuni za migodi zinaanza kuweka fishi ya mushahara, zamu za kazi na mafundisho ya usalama ndani ya telefone. Siye wa sendika hatukatai. Lakini kuko ulizo moja la kuweka mezani mbele ya kusaini: ile programu itafanya kazi kwa telefone ya nani? Mukubwa iko na iPhone, biro iko na Windows, muchimbaji iko na Android ya bei kidogo. Programu iliyotengenezwa kwa moja haifunguki kwa ingine, juu kila sistemu iko na namna yake ya kuamuru kioo, sauti na faili.

Watengenezaji watatuambia: haiwezekani, ao itakuwa bei kali. Tuwaonyeshe VLC, ile ya alama ya koni ya rangi ya machungwa, watu wanaangaliamo filme. Ilianzia Ufaransa mwaka 1996, kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris. Mwaka 2001 shule ikakubali maandishi yake ya ndani yawe wazi kwa kila mutu, bila kulipa. Leo inatembea kwa Windows, macOS, Linux, Android na iOS.

Namna gani? Moyo wa programu, ule unaofasiria video, unaandikwa mara moja, sehemu kubwa kwa luga ya C, kisha unageuzwa kwa kila aina ya mashine. Vipande vinavyogusa kioo na sauti vimetengwa, kila sistemu na vyake. Ni kama pompe ya mugodi: pompe ni moja, rakori njo tunabadilisha kufuatana na tiyo.

Kuko njia ya pili: ukurasa wa intaneti, unaofunguka kwa telefone ya kila aina. Bei inashuka, lakini mara mingi inakula mega na kuomba rezo. Chini ya ardhi, rezo utaitoa wapi?

Kwa hiyo delege zetu waandikishe mambo tatu ndani ya mapatano. Programu ijaribiwe kwa telefone za wafanyakazi wenyewe, hata za zamani, mbele ya kuanza. Fishi na mafundisho ya usalama visomeke bila rezo. Na asiyekuwa na telefone inayofaa aendelee kupata karatasi.

Mutu asiyeona fishi yake atahesabu namna gani saa zake za ziada? Na mama wa nyumba atajua namna gani kama makato ni ya haki? Mushahara ni jasho letu. Usifungiwe ndani ya telefone ya wengine.