Mashamba Mawili Yasiyorejeshwa: Kisa cha William Marshal na Wanawe Watano

Katika jiji la London, karibu na mto Thames, lipo kanisa la kale la mviringo liitwalo Temple Church. Sakafuni mwake zimelala sanamu za mawe za watu wa vita waliokufa karne nyingi zilizopita. Mmoja wa waliozikwa hapo ni William Marshal, Lodi wa Pembroke, aliyefariki tarehe 14 Mei 1219. Mtawa Matthew Paris wa St Albans, mwandishi wa tarikh wa karne hiyo hiyo, anasimulia kwamba askofu mmoja kutoka Ireland alisimama kando ya kaburi hilo mbele ya mfalme wa Uingereza, akadai arejeshewe mashamba mawili. Hakurejeshewa. Miaka 26 baada ya mazishi ya mzee huyo, hakubaki mwana hata mmoja wa kulibeba jina lake, ilhali aliacha wana watano.

Ndugu msomaji, tunakiandika kisa hiki katika ukurasa wa familia kwa sababu ndani yake mna mambo yasiyoisha majumbani mwetu: ardhi, nasaba, mirathi, na haki za watu zinazobaki mikononi mwa marehemu.

Mtoto asiye na fungu

William alizaliwa mnamo mwaka 1147. Baba yake, John, alikuwa msimamizi wa farasi wa mfalme, na cheo hicho, "Marshal", ndicho kilichokuwa jina la ukoo. William alikuwa mwana wa nne. Kwa ada ya Waingereza wa zama hizo, ardhi ya baba ilimwendea mwana mkubwa, na wadogo wakatafute riziki yao.

Mwaka 1152, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, baba yake alimtoa kwa Mfalme Stephen awe rehani ya ahadi aliyoiweka. Kisha akaivunja ahadi hiyo. Alipoambiwa kwamba mtoto atanyongwa, alijibu kwamba yeye bado anayo nyundo na fuawe za kufulia watoto walio bora zaidi. Mfalme alimwonea huruma kijana yule, akamwacha hai. Hivyo maisha ya mtu aliyekuja kuwa na nguvu kuliko wote katika nchi yake yalisalimika kwa rehema ya adui, baada ya baba mzazi kuyatoa mhanga.

Alipokua alipelekwa Normandy kujifunza vita. Riziki yake aliipata katika mashindano ya mapigano ya farasi, ambamo aliyeshinda alimteka mwenziwe, akachukua farasi na silaha zake, na kudai fidia. Kisha akawa mtumishi wa Henry Kijana, mwana wa Mfalme Henry wa Pili. Mwana huyo wa mfalme alikuwa ameweka nadhiri ya kwenda Jerusalem, lakini mauti yalimkuta mwaka 1183. Akamwachia William joho lake alifikishe huko. William alitimiza amana hiyo na kukaa Sham takriban miaka miwili, akarejea kabla ya Salahuddin kuukomboa mji wa Baitul Maqdis mwezi Oktoba 1187.

Ardhi iliyokuja na mke

Mpaka umri wa miaka arubaini na ushei, William alikuwa na sifa nyingi na ardhi chache. Mambo yalibadilika mwaka 1189, Mfalme Richard alipomwoza Bi Isabel de Clare, binti wa miaka kama kumi na saba. Baba yake Isabel alikuwa Richard de Clare, mtu wa vita aliyeiteka sehemu kubwa ya Leinster huko Ireland. Mama yake, Aoife, alikuwa binti wa mfalme wa Leinster. Isabel alikuwa mrithi wa mali yote hiyo: ngome ya Chepstow huko Wales, ardhi za Normandy na Uingereza, na jimbo zima la Leinster.

Basi utajiri wa William ulitokana na mirathi ya mwanamke, nao ukaja kuondoka kwa njia hiyo hiyo.

Ndoa ilijaaliwa wana watano: William, Richard, Gilbert, Walter na Anselm, na mabinti watano: Maud, Isabel, Sibyl, Eva na Joan. Mwaka 1199 Mfalme John alimfanya baba yao kuwa Lodi wa Pembroke. Mfalme huyo alipofariki mwaka 1216, akimwacha mrithi wa miaka tisa, wakubwa wa nchi walimchagua William awe msimamizi wa ufalme. Alikuwa na umri wa karibu miaka sabini alipoongoza jeshi kushinda vita vya Lincoln, tarehe 20 Mei 1217. Aidha alisimamia kutolewa upya kwa hati maarufu ya Magna Carta.

Kitandani mwa mauti

Habari za mwisho wake tunazipata katika utenzi mrefu wa Kifaransa cha kale, wenye beti zinazozidi mistari 19,000, ulioandikwa kwa amri ya mwanawe mkubwa. Mzee alilala nyumbani kwake Caversham, watoto wakimzunguka. Aligawa ardhi kwa wanawe, isipokuwa mdogo wao, Anselm. Alisema naye akatafute kama baba yake alivyotafuta. Rafiki yake mmoja mwaminifu alimwombea kijana, na mzee akamtengea ardhi ya mapato ya pauni 140 kwa mwaka.

Kisha mwingine akamkumbusha jambo zito: wanavyuoni wa dini yao wasema mtu haokoki mpaka arejeshe alichowanyang'anya watu. William akajibu kwamba katika mashindano aliwateka watu wa farasi 500, naye hana uwezo wa kurejesha vyote alivyochukua. Kama mlango wa rehema umefungwa kwa sababu hiyo, basi hana la kufanya.

Huenda jibu hilo lilifaa kwa farasi na silaha za watu 500 waliotawanyika. Lakini kulikuwa na mali nyingine ambayo mwenyewe alijulikana, na mipaka yake ilijulikana.

Dai la askofu

Katika vita vya Leinster, William alitwaa mashamba mawili yaliyokuwa ya kanisa la Ferns. Askofu alidai, William akajitetea kwamba ni mali aliyoipata vitani. Askofu akamtenga na ibada za kanisa, naye akafa katika hali hiyo.

Kwa mujibu wa Matthew Paris, Mfalme Henry wa Tatu alimwomba askofu amsamehe marehemu. Askofu akaenda kaburini, akasema: yakirejeshwa mashamba, nimemsamehe, yasiporejeshwa, hukumu yangu iko pale pale. Mwana mkubwa akakataa, na nduguze wakasimama naye. Hapo ndipo askofu alipotamka kwamba jina la nyumba ile litafutika katika kizazi kimoja.

William mdogo alimwoa Eleanor, dada wa mfalme, akafa mwaka 1231 bila mtoto. Richard aliasi, akajeruhiwa vitani Kildare na kufa mwaka 1234. Gilbert alikufa mwaka 1241 katika mashindano ya farasi huko Hertford, mchezo ule ule uliomtajirisha baba yake. Walter alifariki Novemba 1245, na Anselm akamfuata Desemba ya mwaka huo huo. Wote watano walioa, na hakuna aliyeacha mrithi halali.

Hatusemi kwamba maneno ya askofu ndiyo yaliyowaua; ajali zi mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Tunalosema ni kwamba mashamba mawili, katika milki yenye ngome na majimbo, yalikuwa kitu kidogo mno kukinyima. Watoto walipata nafasi ya kumtua baba yao mzigo, nao wakachagua ardhi.

Mabinti wakarithi

Kwa sheria ya Waingereza wa zama hizo, pasipo mwana, mabinti waligawana sawa. Milki ikakatwa mafungu matano. Kufikia mgawanyo wa mwaka 1247, Bi Maud peke yake ndiye aliyekuwa hai. Mafungu ya wenziwe yaliwaendea watoto wao. Leinster ikawa Carlow, Kilkenny, Wexford, Kildare na Leix, kila sehemu na mwenyewe. Sibyl aliacha mabinti saba, hivyo kila mmoja alipata fungu moja kati ya 35 ya milki ya babu yake.

Jina lilikufa, damu ikaendelea. Kupitia kwa binti yake Isabel, William alipata kilembwe aliyeitwa Robert Bruce, aliyekuwa mfalme wa Uskoti tangu mwaka 1306. Wazee waliohesabu wana watano na kujiona wamekamilika hawakujua kwamba nasaba ingebebwa na mabinti, waliowahesabu mwisho.

Ndugu msomaji, sisi tumefundishwa kwamba deni la maiti hulipwa kabla mirathi haijagawanywa. Twalijua hilo kwa ulimi. Mtihani huja pale jirani anapobisha hodi siku ya arubaini na kusema, mpaka wa shamba la marehemu mzee wenu umeingia kwangu. Wana wa Marshal waliulizwa swali hilo mbele ya kaburi la baba yao. Nasi tukiulizwa, na tusikimbilie kumtazama anayedai kwa jicho la adui. Tukae naye, tuite mashahidi, tupime ardhi. Na haki yake ikithibiti, tumrudishie, ili mzee wetu apumzike na sisi tule kilichobaki kwa amani.