Kabla ya Msimbo, Daftari

Ripoti ya mtoto wa darasa la nne ikinifikia ikiwa na F81.81 na karibu hakuna kingine, huwa naiweka kando na kuomba madaftari. Msimbo huo wa Marekani unasema mtoto ana tatizo mahususi la kujifunza linaloathiri uandishi. Hausemi anakwama wapi. Watoto wawili wenye msimbo huohuo wanaweza kuhitaji misaada isiyofanana hata kidogo, na mzazi aliyelipia tathmini ana haki ya kuambiwa wa kwake anahitaji upi.

Mwongozo wa DSM-5, ambao Chama cha Wanasaikiatria cha Marekani kilitoa mwaka 2013, unataja mambo matatu chini ya tatizo hili: tahajia, sarufi pamoja na uakifishaji, na mpangilio wa mawazo katika maandishi. ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inalipa msimbo 6A03.1 na kulieleza kwa namna inayokaribiana sana. Angalia kisichokuwamo: mwandiko. Mtoto anayebana penseli mpaka vidole vinamuuma, herufi zake hazisomeki, lakini ukimwambia akutajie herufi za neno kwa mdomo hakosei hata moja, huenda hahusiki kabisa na msimbo huu. Yake inaweza kuwa shida ya uratibu wa misuli, ambayo ni F82 katika ICD-10 na 6A04 katika ICD-11. Hapo nitauliza pia kuhusu vifungo vya shati, kamba za viatu na kudaka mpira, kwa sababu shida hiyo haiishii kwenye daftari. Neno disgrafia watu hulitumia kwa hali zote mbili, kwa hiyo ukilikuta kwenye ripoti, uliza linamaanisha ipi.

Familia zinazohama nchi hukutana na utata mwingine. ICD-10 ya kimataifa ina F81.1 kwa tahajia peke yake, na matatizo ya kutunga maandishi yamewekwa chini ya F81.8. F81.81 ni ya toleo la Marekani. Mtoto ni yuleyule. Karatasi ndizo zimebadilika.

Sasa vigezo. DSM-5 inataka dalili ziwe zimedumu angalau miezi sita licha ya mtoto kupewa msaada uliolenga shida hiyohiyo. Sharti hili ndilo linalorukwa mara nyingi, na kurukwa kwake kunaniumiza. Kama darasa limejaa kiasi kwamba mwalimu hawezi kusahihisha madaftari yote, hatujui bado kama mtoto ameshindwa kujifunza au hajafundishwa. Kabla ya msimbo lazima pia macho na masikio yapimwe, uwezo wa jumla wa akili uangaliwe, na ijulikane kama mtoto anaimudu lugha anayofundishiwa. Kwetu swali hilo la mwisho ni zito. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza nchini Tanzania aliyesoma msingi kwa Kiswahili na sasa anaandika insha mbovu za Kiingereza, huyo apimwe kwa Kiswahili kwanza. Akiandika vizuri kwa Kiswahili, anachohitaji ni mwalimu wa Kiingereza.

Kipimo ninachokipenda hakina gharama: imla ya sentensi moja. Nasoma, “Ng’ombe wa mjomba amelala shambani.” Mtoto mmoja ataandika, “Gobe wa joba amelala shabani.” Mwingine ataandika, “Ng’ombe wa mjomba amerara shambani.” Mwalimu mwenye haraka atawapa wote kosa na kuendelea. Lakini mwambie huyo wa pili aitamke sentensi, utamsikia akisema “amerara”, kama wanavyotamka nyumbani kwao. Mkono wake umeandika kwa uaminifu kile anachosema, na huo si ugonjwa. Wa kwanza anatamka “ng’ombe” vizuri kabisa, ila sauti za puani zinapokutana na konsonanti nyingine, zinapotea njiani kabla ya kufika kwenye karatasi. Nikizikuta zimepotea hivyohivyo katika daftari la Sayansi, la Hisabati na la Kiswahili, wiki baada ya wiki, ndipo naanza kuwa na wasiwasi.

Wapo wanaosema Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto anayekosea ni mzembe. Mwaka 2003 Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha utafiti kuhusu makosa ya tahajia ya Kiswahili, na hoja yao ilikuwa kwamba kujifunza tahajia ya lugha yenye kanuni wazi bado si kazi ndogo. Wazazi wangejua hili, fimbo nyingi zingebaki kwenye miti.

Baada ya imla namwomba mtoto anisimulie siku ya sikukuu, kisha aiandike. Wapo wanaosimulia mpaka chai inapoa, halafu wanaandika mistari miwili: “Tulikula pilau. Tulifurahi.” Tahajia safi, mwandiko mzuri, na hadithi yote imebaki kichwani. Huyu naye anaweza kupewa F81.81, sawa na mwandishi wa “gobe”.

Hakuna dawa ya kumeza inayotibu tatizo la uandishi. Likiambatana na shida ya umakini, kama inavyotokea mara kwa mara, dawa ya umakini inaweza kumsaidia mtoto atulie ajifunze, lakini kuandika bado atafundishwa na mtu. Mwandishi wa “gobe” nitamrudisha kwenye silabi: ba na mba, da na nda, ga na nga, kwanza kwa sikio, kisha kwa mdomo, kisha kwa penseli, huku akifunika neno na kuliandika kwa kumbukumbu. Msimuliaji wa sikukuu anahitaji kufundishwa mikakati ya kutunga. Mbinu iliyochunguzwa sana ni ile aliyoianzisha Karen Harris wa Marekani na kuiendeleza pamoja na Steve Graham: mwalimu anaandika mbele ya mtoto huku akisema kwa sauti anachofikiri, “Nimeshasema nani. Bado sijasema wapi.” Mtoto anajifunza kujiambia maneno hayo, na msaada unaondolewa kidogo kidogo.

Kwa wenye shida ya mkono nina onyo. Wazazi wengi wameuziwa udongo wa kufinyanga na mipira ya kubana, wakiahidiwa mwandiko mzuri. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 na Hoy, Egan na Feder yalionyesha kwamba tiba zisizokuwa na mazoezi ya kuandika kwenyewe hazikufua dafu, wala zile zenye vipindi vya mazoezi visivyofika 20. Mtoto na aandike: muda mfupi, mara nyingi, herufi zenye mishale yenye namba inayoonyesha mkono uanzie wapi. Wa mkono wa kushoto aachwe na kushoto kwake.

Wakati tiba ikiendelea, masomo mengine yasisimame. Apewe muda zaidi, apunguziwe kunakili ubaoni, na mwalimu wa Historia amruhusu kujibu kwa mdomo pale anapopima Historia. Haya hayahitaji msimbo wala barua ya daktari. Mwalimu mkuu anaweza kuyaanza wiki hii. Mitihani ya taifa ndiyo yenye taratibu zake, na maombi ya huko hayafanywi mtihani ukiwa mlangoni. Shule iulize mapema, na mzazi atunze madaftari ya zamani pamoja na maelezo ya msaada aliokwisha kupewa mtoto: ulianza lini, mara ngapi kwa wiki, na makosa gani yamepungua.